Vikombe Vilivyonyamaza: Kijidudu cha Ukoma Kinavyoingia Kwenye Neva

Mhadhara uliotolewa Lamu, uani mwa Ngome, baada ya swala ya Alasiri. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi. Niliahidiwa projekta, na projekta imekuja kweli, ila umeme ndio haukuja. Si neno. Nimebeba kipande cha waya nilichoazima kwa fundi, nina kisu, na nyote mna viwiko. Vinatosha.

Hebu kunjeni mkono. Wa kulia, wa kushoto, hiari yako. Kwa mkono mwingine tafuta upande wa ndani wa kiwiko, pale kwenye kibonde kati ya mfupa wa nchani na ule wa pembeni. Sogeza kidole taratibu, huku na huku. Pana kitu kinateleza kama uzi uliolowa maji, hakipo? Yule bwana karuka! Umeme umekufika mpaka kidole cha mwisho, sivyo? Basi hukugonga mfupa, na hicho si mshipa wa damu. Hiyo ni neva. Matabibu wanaiita ulna. Mkitoka hapa jioni hii mmesahau yote nitakayosema, lakini mikono yenu inakumbuka neva hiyo iko wapi, mimi nimeshalipwa. Nimelisema jambo hili Mpeketoni, nimelisema Faza, nimelisema Malindi mara sijui ngapi, hata mke wangu akiniona navaa viatu huniuliza, "Unakwenda tena kuwashika watu viwiko?"

Nimesema neva, sikusema mshipa, na kuna sababu. Kiswahili chetu ni kipana, lakini hapa kimetuchanganya. Mshipa wa damu ni mshipa. Wa fahamu ni mshipa. Kano la mguu, watu wanasema mshipa. Na lile jambo jingine la chini ya kikoi, ambalo wanaume wa pwani wanalijua na hawalisemi, nalo ni mshipa. Mgonjwa akiniambia, "Daktari, mshipa umenishika," nahitaji robo saa kujua kama nimtazame shingo, moyo au nifunge mlango kwanza. Kwa hiyo leo ni neva. Atakayesema mshipa atanunua kahawa ya watu wote.

Na nikisema kahawa nimeshafika kwenye kisa changu. Wanaokijua wavumilie. Mwalimu pale nyuma ameshaanza kucheka.

Nilikuwa tabibu kijana, kalamu mbili mfukoni, katika zahanati moja ya huku mwambao ambayo siitaji, maana kosa lilikuwa langu, si la jengo. Palikuwa na muuza kahawa. Namaanisha muuza kahawa wa kweli, si hawa wa chupa za chai. Dele la shaba juu ya jiko dogo la makaa, mkono mmoja umeshika dele, mkono mwingine vikombe. Vile vikombe vidogo vya kauri, viwili vitatu vimepandana kiganjani, na vidole vinavigonganisha: kacha, kacha, kacha. Huna haja ya kuchungulia dirishani. Ukisikia kacha, kacha, unajua amefika barazani na wazee wameshaanza kubishana.

Mtu huyu alikuja kwangu na baka kwenye kigasha. Ukubwa wake kama mdomo wa kikombe chake mwenyewe. Rangi imefifia kuliko ngozi ya jirani, kingo zimeinuka kidogo, kavu, halitoki jasho. Nikalitazama. Sikiliza neno hilo: nikalitazama. Nikasema choa. Nikampa dawa ya kupaka. Baada ya miezi miwili akarudi, baka liko pale pale. Nikamwambia hukupaka vizuri. Mnatujua sisi watu wa hospitali. Dawa isipofanya kazi, mwenye makosa ni mgonjwa. Nikampa nyingine. Mara ya tatu akaja, akaketi, akanyoosha mkono, akasema kwa mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha, "Daktari, niachie tu baka langu, lina faida. Mbu akitua hapa sina habari naye."

Nikacheka.

Jamani, nikacheka! Mtu kaniletea jibu mezani, limepikwa, limepakuliwa, na mimi nikacheka nikaandika choa mara ya tatu. Choa kinawasha. Choa kinakukosesha usingizi. Choa hakimfichi mtu habari ya mbu. Baka lisilowasha, lisilouma, lisilojua mbu, hilo ngozi imekuja kukusemea jambo lililotokea ndani zaidi.

Miezi ikapita. Kilichokuja kuniamsha si jicho, ni sikio. Jioni moja nimekaa barazani nasikia kacha… kacha… kisha kimya, kisha kikombe kimevunjika. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ile ile nikaona amebadilisha mikono, vikombe amevihamishia kushoto na dele kulia. Na mkono wa kushoto haukuwa umefunzwa, kwa hiyo alikuwa akipita kimyakimya, anaita kwa mdomo, "Kahawa!" kama mgeni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mkono umechoka tu, uzee." Alikuwa hajafika miaka arobaini.

Aliponimiminia ndipo nikaona. Kidole cha mwisho na cha pete vimekunjika kama vya mtu aliyeshika kitu kisichoonekana. Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada imebonyea. Na pembeni mwa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, lengelenge limepasuka, jekundu, la siku mbili tatu. Mkono ulikuwa ukiegemea jiko. Nikamwambia, "Bwana, umeungua." Akauinua mkono akautazama kama anatazama mkono wa jirani. Akaniuliza, "Lini?"

Akaniuliza mimi!

Nikamshika kiwiko. Pale kwenu palipoteleza uzi uliolowa, kwake palikuwa na kitu kinene, kigumu, kama kamba ya kuvulia papa imepitishwa chini ya ngozi. Nikamwingiza ndani kwenye taa, nikasokota pamba ikawa nyuzi. Nikamwambia fumba macho, kila ninapokugusa weka kidole hapo. Bega, akaweka. Juu ya kiwiko, akaweka. Nikagusa katikati ya baka. Amengoja. Nikagusa tena. Amekaa tu, macho kafumba, mpole. Kisha akasema, "Anza basi."

Nilikuwa nimeshaanza mara tano.

Hicho ndicho kisa changu, na ndiyo sababu nakwenda nikishika watu viwiko. Ukoma ni maradhi ya neva. Ngozi ni bango la duka tu, biashara yenyewe iko ndani. Na sisi, matabibu kwa wananchi, tumeng'ang'ania kusoma bango. Tuna majina kumi ya bango: mbalanga, matana, jedhamu, barasi tunaichanganya humo humo ingawa ni kitu kingine kabisa. Lakini nani kati yetu amewahi kumwuliza baka kama linasikia?

Sasa waya. Sogeeni mlio nyuma, sitarudia, huu si wangu. Nakata. Mnaona? Nje mpira mweusi. Ndani nyaya tatu, kila moja na plastiki yake. Nikichuna plastiki, nyuzi za shaba, nyingi, nyembamba. Neva imejengwa karibu hivyo hivyo. Ganda la nje. Ndani vifungu, kila kifungu na ala yake iliyobana, na hii ala ikumbukeni, nitairudia. Ndani ya kifungu nyuzi, ambazo ndizo zinazobeba habari. Uzi huo unaitwa aksoni. Lakini uzi wa shaba hauna mlezi, aksoni inaye. Imezungukwa njia nzima na seli za Schwann, zimepewa jina la Theodor Schwann, Mjerumani wa karne ya 19. Seli hizi ndizo zinazoivisha aksoni, zinazoilisha, na ikikatika ndizo zinazoifungulia njia ikue tena. Nyuzi nene zinavishwa koti la mafuta, maielini, linazungushwa na kuzungushwa kama kilemba, na ndilo linaloifanya habari iende kasi. Nyuzi nyembamba kabisa hazina kilemba. Kadhaa zinalala ndani ya seli moja ya Schwann, kama watoto chini ya shuka moja. Hizo nyembamba ndizo zinazobeba mengi ya maumivu na joto. Jiko la makaa, kwa mfano.

Sasa mgeni. Kijidudu chenyewe, Mycobacterium leprae, alikiona Gerhard Armauer Hansen, mtu wa Bergen, Norwe, mwaka 1873. Miaka tisa kabla Robert Koch hajatangaza kile cha kifua kikuu. Watu wakati huo walikuwa wakisema ukoma ni wa kurithi, na wapo humu wanaosema hivyo hata leo, naona macho yenu. Haurithiwi. Unapita kwa hewa ya pua na mdomo ya mgonjwa ambaye hajaanza dawa, na kwa kukaa naye karibu muda mrefu. Na watu wengi mno, takriban 95 katika kila mia, mwili wao unakishinda kijidudu bila wao kujua walipata mgeni.

Ni ndugu wa kifua kikuu, lakini ndugu aliyefilisika. Mwaka 2001 wataalamu walisoma jeni zake zote. Mwenzake wa kifua kikuu ana jeni karibu 4,000 zinazofanya kazi. Huyu amebakiwa na kama 1,600. Nyingine zaidi ya 1,100 zimo lakini zimekufa. Mmevuka kwenda magofu ya Takwa, kule Manda? Kuta zipo, milango ipo, msikiti upo na nguzo yake, lakini hakuna moshi jikoni. Ndivyo jeni zake zilivyo. Ametupa karibu kila kitu cha kumwezesha kujitegemea, kwa hiyo hawezi kuzaana nje ya seli ya mwenyeji. Mpaka leo hakuna aliyefaulu kumwotesha kwenye sahani ya maabara. Na ni mzembe. Kugawanyika mara moja kunamchukua karibu wiki mbili, wakati bakteria wengine wa tumboni wanamaliza kwa dakika 20. Ndiyo maana mtu anaambukizwa leo, na dalili zinakuja baada ya miaka mitano, wengine ishirini. Halafu tunamtafuta aliyemroga mwaka huu.

Jambo la tatu kumhusu, na hili ndilo linalojibu kwa nini vilikunjika vile vidole viwili vya muuza kahawa: hapendi joto. Mwili wetu ndani ni nyuzi 37. Yeye anataka kama 30 hadi 33. Anatafuta kivuli. Walipotaka kumfuga maabara walimweka kwenye nyayo za panya, mwaka 1960, na baadaye wakagundua anastawi ndani ya armadilo, mnyama wa Marekani ambaye mwili wake ni wa baridi kidogo. Msimwite kakakuona. Wote wamevaa magamba, lakini hawana undugu, na kakakuona wetu ana matatizo yake ya kutosha. Kwa binadamu, kivuli kiko wapi? Puani, masikioni, kwenye ngozi. Na pale ambapo neva inatoka chini ya nyama na kupita juu juu. Neva ya ulna ikiwa kwapani imefunikwa, ina joto, hana shida nayo. Ikifika kiwikoni imelala chini ya ngozi tupu, na mmeigusa wenyewe. Ndipo anapofanya makazi. Na ulna ndiyo inayohudumia kidole cha mwisho, nusu ya kidole cha pete, na ile misuli midogo ya kiganjani. Misuli ya kugonganishia vikombe. Mwingine anashikwa kwenye neva inayopita nje ya goti, unyayo unaburuta. Mwingine nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, unyayo unakufa ganzi. Mwingine ya uso, jicho halifumbi. Yote ni mahali pa kivuli.

Lakini kupenda mahali si kupata mlango. Ndani ya neva si barabarani, kuna kizuizi kati yake na damu, vitu vingi vinazuiliwa. Inavyoelekea anaingia kwa mishipa midogo ya damu, na hapo naruhusu mshipa, ile inayolisha neva yenyewe. Akishaingia anaikuta seli ya Schwann imevaa utando. Ndani ya utando huo kuna protini inaitwa laminini. Laminini ina mikono. Upande mmoja imeshikana na seli ya Schwann, kupitia mlango wa seli unaoitwa distroglikani. Mwaka 1997 Anura Rambukkana na wenzake, New York, wakaonyesha kwamba kijidudu cha ukoma hakihangaiki na mlango. Kinaishika laminini. Mwaka uliofuata wakaonyesha mlango wenyewe. Na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba koti la nje la kijidudu lina mafuta yenye sukari za aina ambayo bakteria mwingine hana, yanaitwa PGL-1, na sukari hizo ndizo moja ya vidole vinavyoshika.

Nieleze kwa lugha ya hapa. Mnajua harusi. Kuna kijana hakualikwa. Akienda mlangoni peke yake atarudishwa. Basi anafanya nini? Anasubiri shangazi ya bi harusi atokee, anamshika mkono, "Shikamoo shangazi, nikusaidie mkoba." Shangazi nani amzuie? Shangazi anapita, na aliye mkononi mwa shangazi naye kapita. Dakika tano baadaye yuko kwenye sinia la pilau. Laminini ndiye shangazi. Na aina hii ya laminini iko kwa wingi kwenye neva za mikono na miguu. Ubongo na uti wa mgongo hauna seli za Schwann, wana mafundi wengine wa kuvisha nyuzi zao. Kwa hiyo ukoma hauingii akilini mwa mtu. Nasisitiza, kwa sababu nimeona mgonjwa mwenye akili timamu kuliko sisi sote anasemewa na nduguze kama mtoto.

Mama mmoja pale mbele amenyanyua kidole, nadhani najua. "Mbona vidole vinakatika vyenyewe?" Havikatiki vyenyewe. Hakuna kijidudu kinachokata kidole. Kidole kinaungua, kinachomwa na mwiba, kinabanwa na mlango, na hakuna anayepiga kelele. Mimi na wewe tukikanyaga mwiba tunasimama palepale, hata kama tunakimbilia swala. Yeye anautembelea siku tatu. Kidonda kinaingia usaha, usaha unafika mfupani, mfupa unalika. Daktari mpasuaji Paul Brand alifika Vellore, India, mwaka 1946, akawakuta wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa vikipungua usiku, na hakuna anayejua kwa nini. Wakakesha kuchunguza. Panya! Panya walikuwa wanakuja wanatafuna, na mwenye kidole amelala usingizi mtamu. Mnajua dawa iliyotolewa? Wagonjwa walipewa paka. Sisi Lamu dawa hiyo hatungeiagiza nje.

Na najua mashekhe wamo humu, na mna ile hadithi ya kumkimbia mwenye jedhamu kama mtu anavyomkimbia simba. Zipo na nyingine, na kusomana kwake nawaachia wenyewe, si kazi ya tabibu. Mimi nasema hivi tu: mtu akishaanza dawa, baada ya muda mfupi sana haambukizi tena. Simba wa namna hiyo hana meno.

Turudi. Wakati, wakati… Kijidudu kimo ndani ya seli ya Schwann. Mbona kinakaa raha? Kwa sababu seli ya Schwann ni mlezi, si askari. Haijui kuua. Haifi mapema. Iko nyuma ya kizuizi. Ni nyumba ya kupanga isiyo na mwenye nyumba wa kugonga mlango. Halafu koti la maielini linaanza kubanduka. Mwaka 2002 lilionekana likibanduka kwa panya ambao hawana limfosaiti, askari wakuu wa kinga ya mwili, kwa hiyo kijidudu chenyewe kinaweza kufanya uharibifu. Mwaka 2013, tena kwa seli za panya, ikaonekana kinaweza kuirudisha seli ya Schwann utotoni, isahau kazi yake, iwe kama seli changa inayohamahama na kumbeba mgeni kwenda naye kwingine. Mtu mzima anaacha kazi, anarudi kucheza gololi. Halafu mwaka 2017 wengine, kwa samaki wadogo wanaopenyeza mwanga, wakasema hapana, angalieni makrofaji, wale askari wala-vijidudu. Wanameza kijidudu, wanachanganyikiwa na yale yale mafuta PGL-1, na moto wanaouwasha unaiunguza neva. Mtaniuliza nani mkweli. Kwa maoni yangu wote, kwa nyakati tofauti za ugonjwa, lakini mabishano haya ningetaka saa nzima na tarehe nyingine.

Kwa sababu lililo kubwa kwa mgonjwa ni hili, na mniruhusu nikimbie. Ile ala iliyobana. Kuna wakati mwili unacharuka, unakiona kijidudu ghafla, hata katikati ya dawa, hata baada ya dawa kwisha. Neva inavimba. Lakini ala haina nafasi, haitanuki. Ni kama mkate wa sinia umefunikwa kwa mfuniko uliofungwa kamba, unaumuka wapi? Neva inajikaba yenyewe. Inaweza kuuma kwa siku chache, na inaweza kufa bila kuuma hata kidogo. Prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, inaweza kuiokoa ikitolewa mapema, ganzi ikiwa haijapita miezi sita hivi. Ikipita, matumaini yanapungua sana.

Miezi sita. Mimi nilimpa yule bwana dawa ya choa mara tatu.

Dawa ya kijidudu chenyewe ipo, iko bure duniani kote tangu 1995, vidonge vya pakiti: rifampisini, dapsoni, klofazimini. Miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, 12 kwa mwenye mengi. Mkojo utakuwa mwekundu, ngozi itakuwa nyeusi zaidi, msiogope, msiache. Waulizieni wanaokaa nyumba moja na mgonjwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja ya rifampisini kwao. Kliniki ni ile ile ya kifua kikuu.

"Lakini mzee, ukoma si ulikwisha?" Nilijua litakuja. Mwaka 2000 walitangaza dunia imeshuka chini ya mgonjwa mmoja kwa watu 10,000. Huo ni mstari kwenye karatasi. Kila mwaka wanapatikana wapya wanaokaribia laki mbili duniani, na pwani yetu haijatoka kwenye orodha. Kilichokwisha ni matabibu wanaojua kushika kiwiko. Vijana wa uuguzi hapo kwenye ngazi, darasani mmefundishwa ukoma dakika ngapi? …Haya. Nimesikia.

Jicho nimeliruka, na miguu, na viatu. Na jinsi ya kutumia mshipi wa nailoni kupima ganzi, ambao kila nyumba ya mvuvi inao. Samahani. Nilitaka pia kuwaambia yule bwana alimaliza dawa, kijidudu kikaisha, mkono wa kulia haukunyooka. Alikaa barazani mwaka mzima akiufundisha wa kushoto, kila jioni, na vikombe vya bati ili visivunjike.

Naam, hiyo ni adhana. Naomba vipande vya waya, vyote, fundi kavihesabu. Na yule aliyeniambia mlangoni ana kichoa kidogo tu, cha miaka miwili, hakimwashi: usiondoke, bwana. Tukitoka msikitini tukutane hapa hapa. Pamba ninayo mfukoni.